Rio de Janeiro au Cusco? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kabla ya kukata tiketi

Miji hii miwili huwekwa kwenye orodha moja kwa sababu yote iko Amerika Kusini, lakini haifanani hata kidogo. Rio ni mji wa bahari na misitu nchini Brazil, wenye joto na watu mamilioni. Cusco ni mji wa mawe milimani Peru, mita 3,399 juu ya usawa wa bahari, na ndio mlango wa Machu Picchu, magofu ya mji wa kale wa Inka. Yafuatayo ndiyo maswali yanayorudiwa na wasafiri kutoka Afrika Mashariki na Waswahili walioko ughaibuni.

Kwa kifupi, nichague upi?

Anza kwa kuhesabu usiku, picha zije baadaye. Ondoa usiku utakaolala ndegeni, kisha tazama zilizobaki. Zikiwa tano au pungufu, nenda Rio. Cusco ya usiku nne ni kulipa nauli kubwa ili ukaumwe kichwa hotelini, kwa sababu mwili unahitaji siku mbili tatu kuzoea hewa nyepesi, na Machu Picchu peke yake hula karibu siku mbili.

Zikiwa sita au zaidi, jiulize unatoka wapi. Mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja anayefikiria kwenda Rio kwa ajili ya mchanga mweupe na maji ya vuguvugu atasikitika, kwani bahari ya nyumbani ni bora kwa kuogelea. Rio inafaa kwa mengine: milima inayochomoza katikati ya nyumba, muziki wa mitaani, mpira, na historia ya Waafrika waliofikishwa pale. Cusco nayo haina mfano wake kwetu.

Nimezoea Nairobi. Mwinuko wa Cusco utanisumbua?

Utakusumbua. Nairobi iko takriban mita 1,800, na hata Addis Ababa, iliyo mita 2,355, iko chini ya Cusco kwa zaidi ya kilomita nzima. Kipimo kizuri ni Kilimanjaro kwa njia ya Marangu: kibanda cha Mandara kiko mita 2,720 na cha Horombo mita 3,720. Cusco iko kati yake, karibu zaidi na Horombo. Tofauti ni kwamba Horombo mtu anafika siku ya pili kwa miguu, polepole. Kutoka Lima, iliyo pwani, ndege inakufikisha Cusco kwa muda wa saa moja na dakika ishirini hivi. Kila pumzi unayovuta pale ina takriban theluthi mbili tu ya oksijeni ya pwani.

Kinachowadanganya watu ni saa za mwanzo. Unashuka ukiwa mzima, unakula, unapanda vilima vya mtaa wa San Blas kupiga picha. Dalili huja saa 6 hadi 12 baada ya kufika, mara nyingi usiku: kichwa kugonga, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, usingizi wa kukatikakatika. Kwa wengi hupungua ndani ya siku mbili au tatu. Ukakamavu wa mwili hausaidii. Vijana wa mazoezi huumia sana kwa sababu hawapunguzi mwendo.

Nifanyeje nisiumwe?

Usilale Cusco usiku wa kwanza. Hili ndilo kosa la wengi, na dawa yake haina gharama. Ukishuka uwanjani panda gari moja kwa moja hadi Bonde Takatifu, mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili. Urubamba iko takriban mita 2,870 na Ollantaytambo takriban mita 2,790. Lala huko usiku mbili, tembelea magofu ya hapo hapo, kisha panda treni kwenda Machu Picchu, ambayo iko chini zaidi, mita 2,430. Cusco yenyewe iwe ya mwisho, usiku mbili au tatu, mwili ukiwa umeshazoea.

Siku mbili za mwanzo kula kidogo kidogo, kunywa maji, acha pombe na vidonge vya usingizi. Dawa inayotumika kuzuia ni asetazolamaidi, inayouzwa pia kwa jina la Diamox. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda hadi siku mbili baada ya kufika. Iandikwe na daktari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Usishtuke vidole vikichonyota, ukikojoa mara nyingi au soda ikikosa ladha. Hiyo ndiyo kazi ya dawa.

Chai ya majani ya koka utapewa kila hoteli. Inachangamsha na ni halali Peru, ila haichukui nafasi ya kupanda polepole. Usibebe majani wala vifuko vyake kurudi navyo: nje ya nchi chache za Andes huhesabiwa dawa za kulevya. Tena, kikombe kimoja kinaweza kuonekana kwenye kipimo cha mkojo, kwa hiyo mwenye kazi inayopima wafanyakazi aiache kabisa.

Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuongea yasiyoeleweka, kuhema akiwa amekaa, au kukohoa mate ya povu, msisubiri asubuhi. Mshusheni saa hiyo hiyo. Mtungi wa oksijeni wa hoteli humpa nafuu njiani tu, tiba yenyewe ni kushuka.

Nina selimundu, au ninabeba kinasaba chake. Je?

Kwetu swali hili ni zito kuliko ilivyo kwa wageni wengi wa Cusco, na vitabu vya watalii hulipita. Mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu asiende Cusco bila kauli ya daktari anayemtibu, maana oksijeni kidogo ndiyo inayozifanya chembe za damu zijikunje na kuziba mishipa. Ukichagua Rio kwa sababu hii peke yake umechagua vizuri.

Anayebeba kinasaba kimoja tu kwa kawaida hupanda bila tatizo. Lakini imeshatokea kwa baadhi yao, juu milimani, bandama kukosa damu. Dalili ni maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu. Si gesi hiyo, nenda hospitali na uwaambie hali yako ya damu. Kama hujawahi kupima, pima kabla ya kulipia.

Visa?

Pasi za Kenya, Tanzania na Uganda zinahitaji visa kabla ya safari, kwa Brazil na kwa Peru pia. Brazil ina ubalozi Nairobi na Dar es Salaam, kwa hiyo kwa upande wa makaratasi Rio ni rahisi zaidi. Kwa Peru panga miezi, usipange wiki, na usilipie treni wala tiketi ya Machu Picchu kabla visa haijatoka, kwani tiketi hizo zina jina na namba ya pasi.

Walioko ughaibuni wenye pasi za huko wana hesabu nyingine. Pasi ya Marekani, Kanada au Australia inaingia Peru bila visa kwa utalii, lakini tangu tarehe 10 Aprili 2025 inahitaji visa ya mtandaoni kuingia Brazil. Pasi ya Uingereza au ya nchi nyingi za Ulaya huingia kote kuwili bila visa.

Kuna pia visa ya kupita njiani. Kupitia Marekani unahitaji visa hata kama hutoki uwanjani. Wenye pasi ya Kongo ya Kinshasa, Somalia au Ethiopia huhitaji visa ya uwanjani wanapobadilisha ndege katika nchi za Schengen.

Chanjo gani zinahitajika?

Homa ya manjano ndiyo ya kufikiria kwanza. Kwa jimbo la Rio inapendekezwa. Kwa anayekwenda Cusco na Machu Picchu tu, bila kushuka kwenye msitu wa Amazon, hailazimu kiafya. Wengi hushtukizwa wakati wa kurudi: Brazil na Peru zote zimo kwenye orodha ya nchi zenye homa hiyo, na Tanzania na Kenya hudai kadi ya njano kwa anayetoka huko, kuanzia mtoto wa mwaka mmoja. Kadi huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano na inatosha maisha yote. Kama unayo ya zamani yenye tarehe ya kwisha, bado ni halali.

Malaria haipo mjini Rio wala Cusco. Rio ina dengue, na huzidi miezi ya joto na mvua. Mbu wake anauma mchana, kwa hiyo chandarua peke yake hakitoshi. Jipake dawa ya kufukuza mbu.

Nipite njia gani ya ndege?

Lango la kawaida ni São Paulo, uwanja wa Guarulhos. Ethiopian Airlines inaruka huko kutoka Addis Ababa, Qatar Airways kutoka Doha, Turkish Airlines kutoka Istanbul, na kutoka Johannesburg zipo pia. Emirates inafika Rio kutoka Dubai, njia nzuri kwa walioko Ghuba. Kutoka São Paulo hadi Rio ni saa moja. Kwenda Cusco ni safari nyingine: saa tano hivi hadi Lima, kisha ndege ya ndani.

Zingatia mambo mawili. Ukiunganisha ndege kwenda Rio, mabegi unayachukua São Paulo, unapita forodha, unayakabidhi tena. Acha angalau saa tatu katikati. Na kama ni Cusco kupitia São Paulo, kata tiketi moja kuanzia mwanzo hadi Lima. Ukiwa na tiketi mbili tofauti utalazimika kutoka kuchukua mabegi na kuyasajili upya, na kutoka hapo maana yake ni visa ya Brazil ambayo hukuiomba.

Miezi ipi ni mizuri?

Misimu yao imepishana. Cusco nenda Mei hadi Septemba, kiangazi kikavu chenye anga safi, ila usiku wa Juni na Julai baridi hushuka karibu na nyuzi sifuri na vyumba vingi havina kipasha joto. Januari na Februari ndiyo kilele cha mvua, na Februari yote Njia ya Inka, ile ya kutembea siku nne, hufungwa kwa matengenezo. Tarehe 24 Juni ni sikukuu ya Inti Raymi. Mji hujaa na bei hupanda.

Rio ina joto kali Desemba hadi Machi, pamoja na mvua za ghafla za jioni. Juni hadi Agosti kuna ubaridi mwepesi, takriban nyuzi 18 usiku na 25 mchana, hakuna mvua nyingi na milima inaonekana vizuri. Kwa mtu wa kutembea mji, huo ndio wakati wake, ingawa jua huzama mapema, kabla ya saa 12 jioni. Carnival inafuata Pasaka: Jumanne yake ni siku 47 kabla ya Jumapili ya Pasaka, hivyo mwaka 2027 inaangukia tarehe 9 Februari. Ukiitaka hiyo, weka chumba nusu mwaka kabla na ujue wengi hawapangishi chini ya usiku nne au tano.

Tiketi za Machu Picchu zinafanyaje kazi? Nimechanganyikiwa.

Si wewe peke yako. Tangu Juni 2024 kuna mizunguko mitatu iliyogawanywa katika njia kumi, na ukishaingia kwenye mmoja huwezi kuhamia mwingine. Mzunguko wa 1 unapita juu: unapata ile picha maarufu lakini huingii kwenye magofu yenyewe. Mzunguko wa 2 unakupa picha na pia unakupitisha ndani ya mji, na ndio wa kutafuta kama unakwenda mara moja maishani. Mzunguko wa 3 unapita chini, na ndio wenye kilima cha Huayna Picchu kwa anayeongeza pesa.

Idadi ni watu 4,500 kwa siku, na 5,600 katika tarehe maalumu za msimu. Nunua kwenye tovuti ya Wizara ya Utamaduni ya Peru, tuboleto.cultura.pe. Tiketi ya kawaida ya mgeni mtu mzima imekuwa soli 152 (soli ni fedha ya Peru), na yenye Huayna Picchu soli 200. Kwa Juni hadi Agosti mzunguko wa 2 huisha wiki nyingi kabla. Ukikosa, kuna tiketi zinazouzwa dirishani katika mji wa chini, Aguas Calientes, kwa ajili ya siku inayofuata. Lakini hapo unapanga foleni mapema, unachukua mzunguko uliobaki, na ni lazima uwe umelipia chumba usiku huo.

Makosa yanayowarudisha watu getini ni machache na hujirudia. Namba ya pasi kwenye tiketi haifanani na pasi uliyoshika, kwa sababu ulipata pasi mpya. Umebeba nakala badala ya pasi yenyewe. Umefika saa moja baada ya muda wako wa kuingia. Na kumbuka, choo kiko nje ya geti tu, na ukitoka hurudi ndani. Nenda kabla.

Kutoka Cusco hadi Machu Picchu ni mwendo gani?

Hakuna barabara ya gari hadi pale. Unakwenda Ollantaytambo kwa gari. Zile gari ndogo za abiria waziitazo kolektivo ni daladala kamili, zinaondoka zikijaa. Hapo unapanda treni ya PeruRail au Inca Rail, saa moja na dakika 45 hivi, hadi Aguas Calientes. Kisha ni basi la dakika 25 hadi 30 kupanda kona kali, takriban dola 24 kwenda na kurudi, au ngazi kwa miguu saa moja na nusu. Treni ndiyo inayokula pesa, mara nyingi kuanzia dola 60 kila upande. Jumla ya mtu mmoja, bila chumba, hukaribia dola 200.

Ndani ya treni unaruhusiwa begi dogo tu. Sanduku kubwa liache hotelini Ollantaytambo au Cusco, wamezoea na hawalipishi wakijua unarudi.

Weka siku moja ya akiba. Migomo ya kufunga barabara na reli ni kawaida eneo hili. Mwaka 2023 machafuko ya kisiasa yaliifunga Machu Picchu kuanzia tarehe 21 Januari hadi katikati ya Februari.

Zaidi ya Machu Picchu, Cusco kuna nini?

Kuna mengi, na kwa maoni yetu wageni huupunja mji wenyewe. Kwenye mtaa wa Hatun Rumiyoc kuna ukuta wa Inka wenye jiwe la pembe kumi na mbili, limekaa na majirani zake bila chokaa. Qorikancha lilikuwa hekalu la jua. Wahispania walijenga monasteri ya Santo Domingo juu yake, na tetemeko la mwaka 1950 lilipobomoa sehemu ya jengo la juu, kuta za Inka zilibaki zimesimama. Sacsayhuamán, juu ya mji, ina mawe yenye uzito wa tani nyingi sana.

Kuna tiketi ya pamoja, Boleto Turístico, ambayo imekuwa soli 130 kwa siku 10 na sehemu 16, zikiwemo Sacsayhuamán, Pisac, Ollantaytambo, Moray na Chinchero. Haihusishi Machu Picchu, kanisa kuu, hekalu la Qorikancha wala mashamba ya chumvi ya Maras. Lipa kwa fedha taslimu.

Mlima wa rangi, Vinicunca, uko takriban mita 5,036, juu kuliko Point Lenana ya Mlima Kenya iliyo mita 4,985. Mawakala huuuza kama matembezi ya siku moja. Usiupande kabla ya siku ya tano.

Bahari ya Rio ikoje?

Ni Atlantiki wazi, haina mwamba wa kuvunja mawimbi kama wa pwani yetu. Ipanema na Leblon zina mkondo unaovuta kwenda nje, na mtu anayejua kuogelea Kigamboni au Nyali anaweza kushindwa hapo. Vituo vya waokoaji vimepewa namba, Posto 1 hadi 12, kutoka Leme hadi Leblon. Oga mbele ya kituo, na bendera nyekundu ikiwepo ishia magotini. Ukivutwa usipambane kurudi moja kwa moja. Ogelea sambamba na ufuko hadi mkondo ukuachie.

Maji yana ubaridi kuliko ya Bahari ya Hindi, wakati mwingine hata kiangazi. Kupwa na kujaa ni kidogo, mita moja na kitu, wala hutaona maji yakikimbia kama kwetu wakati wa bamvua. Baada ya mvua kubwa usioge siku moja mbili, mifereji ya mji hutiririkia baharini. Taulo liache hotelini: wenyeji hutandika kitambaa waitacho canga, jina linalokaribiana na kanga yetu, na kazi ni ile ile.

Sanamu ya Kristo au Mlima wa Sukari, nianze na upi?

Sanamu asubuhi, Pão de Açúcar jioni. Sanamu, iliyozinduliwa tarehe 12 Oktoba 1931, ina mita 30 bila msingi wake na inatazama mashariki, kwa hiyo mchana na jioni uso wake uko kivulini. Adui mkubwa ni wingu: watu hulipa, hupanda kilele cha Corcovado, mita 710, na kuona weupe mtupu. Ukiamka, tazama mlima ukiwa chini. Kama sanamu haionekani mtaani, badilisha siku. Panda kwa treni ya meno kutoka Cosme Velho, dakika 20, au kwa basi dogo rasmi kutoka Copacabana au Largo do Machado. Vijana wanaokuita njiani kwamba treni imejaa wanauza safari zao.

Pão de Açúcar, mita 396, unaupanda kwa vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, hatua mbili: Praia Vermelha hadi Morro da Urca, kisha kileleni. Fika saa moja na nusu kabla ya machweo.

Rio ni hatari kama wanavyosema?

Wizi upo na ni wa simu zaidi. Mwenye baiskeli au pikipiki anakwapua simu mkononi kwa aliyesimama ukingoni mwa barabara akitafuta njia. Ukitaka kusoma ramani, ingia dukani. Ufukoni beba pesa kidogo, kadi moja, nakala ya pasi. Usitembee mchangani usiku, wala mitaa ya Centro, yaani katikati ya mji, Jumapili maduka yakiwa yamefungwa. Ukitumia gari la programu kama Uber au 99, mwache dereva achague njia. Ukiendesha mwenyewe, ramani inaweza kukupitisha ndani ya favela, yaani mtaa wa mabanda, inayodhibitiwa na wenye silaha, na watalii wamepigwa risasi kwa kosa hilo. Ukikabwa, toa simu. Polisi ni 190, gari la wagonjwa 192.

Mtu mweusi anayefanana na wenyeji ana nafuu moja, kwamba hatazamwi kama mtalii hadi afungue mdomo. Upande wa pili, anaweza kusimamishwa na polisi au mlinzi zaidi ya mgeni mweupe. Kuwa na nakala ya pasi.

Cusco kuna utulivu zaidi. Chunga mifuko soko la San Pedro, patana nauli ya teksi kabla ya kupanda kwa sababu hazina mita, na usiku iite kwa simu kupitia hoteli.

Kuna nini kinachotuhusu sisi Waafrika?

Nenda bandari ya zamani, eneo liitwalo Afrika Ndogo. Gati la Valongo lilijengwa mwaka 1811, likafunikwa kwa gati jingine mwaka 1843, likafukuliwa mwaka 2011, na likaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2017. Watu takriban 900,000 waliotekwa Afrika walishushwa hapo. Wengi walitoka Angola na Kongo, lakini wapo pia waliosafirishwa kutoka pwani ya Msumbiji, kutoka bandari kama Quelimane, na Rio waliitwa kwa jina la jumla "Moçambique". Ni mawe wazi tu, hakuna kiingilio, na dakika thelathini zinatosha kuyatazama. Karibu yake ni Pedra do Sal, ambapo Jumatatu jioni hupigwa samba ya mtaani.

Pesa nibebe vipi?

Rio kadi inapokelewa karibu kila mahali, hata kwa muuza nazi ufukoni, na metro unagusisha kadi yako langoni. Wenyeji hulipana kwa Pix, inayofanana na M-Pesa kwa matumizi, lakini inataka akaunti ya huko. Soma kiasi kwenye mashine kabla ya kugusisha, kwani mchezo wa kuongeza sifuri upo. Cusco taslimu bado ina nguvu. Beba dola safi: noti iliyochanika hata ncha tu hukataliwa.

Chakula? Nakula halali tu.

Feijoada, maharage meusi ya Rio, hupikwa na nguruwe. Wali, maharage matupu, samaki na farofa, ambayo ni unga wa muhogo uliokaangwa, utavipata kila mahali. Na muhogo wenyewe ulikuja kwetu kutoka huko kupitia Wareno. Kuna msikiti Rio, eneo la Tijuca. Cusco tegemea samaki wa mtoni aitwaye trucha, supu ya kinoa, mayai, viazi vya kila rangi na mahindi mabichi ya punje kubwa yanayouzwa na jibini. Chicha morada ni kinywaji cha mahindi ya zambarau kisicho na kilevi. Chicha de jora ni pombe. Cuy ni simbilisi wa kuchoma, na mtu wa Kivu Kusini hatashangaa.

Lugha itanisumbua?

Kiingereza ni kidogo kote. Pakua Kireno au Kihispania kwenye simu kabla hujaondoka. Mesa, bandeira na copo za Rio hazihitaji mkalimani.

Plagi na umeme?

Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii kote kuwili, nunua adapta. Peru ni volti 220. Rio ni volti 127, hivyo pasi ya nguo au mashine ya kunyolea ya volti 240 itafanya kazi kwa uvivu au isiwake kabisa. Chaja yenye maandishi 100–240 haina shida.

Tofauti ya saa?

Rio iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa sita kamili. Yaani nyumbani ikiwa saa tisa alasiri, saa ya ukutani Rio inaonyesha 9 asubuhi. Msomaji wa saa za Kiswahili hana haja ya kuhesabu. Peru ni saa nane nyuma.

Nikisafiri na watoto au wazee?

Rio. Mtoto mdogo hawezi kueleza kwamba kichwa kinamuuma, na ngazi za Cusco na za Machu Picchu hazina mkato kwa mwenye magoti mabovu au shida ya moyo.

Naweza kuunganisha yote miwili?

Ukiwa na usiku kumi au zaidi, ndiyo. Usiku mbili Bonde Takatifu, mmoja Aguas Calientes, tatu Cusco, nne Rio. Cusco itangulie. Migomo au ukungu uwanjani vikikuchelewesha, unakata siku za Rio bila kukosa ndege ya kurudi. Kamwe usiruke kutoka Cusco siku ile ile ya ndege ya kuvuka bahari, na chagua ndege ya asubuhi, kwa kuwa ikifutwa bado kuna nyingine mchana. Visa ya Brazil iombe kwa tarehe za mwisho wa safari, na sweta zote ziweke kwenye begi moja. Ukifika Rio hutalifungua.